MLIMA NA VIJITO VYAKE KATIKA RAMANI
Maelezo kwa viongozi na wajumbe wa vyama vya msingi



Katika ofisi za vyama vya msingi vilivyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro hukutwa vitu vilevile: mizani, kabati la vitabu, sanduku la fedha, kalenda na picha ukutani. Ramani ya mahali penyewe ni adimu, na pale ilipo aghalabu imetundikwa nyuma ya kiti cha Mwenyekiti kama pambo, kioo chake kimejaa vumbi, na hakuna aliyewahi kuishusha ili aitumie. Hata hivyo chama hichohicho huamua kila mwaka mambo ambayo hayawezi kuamuliwa vema bila kuijua nchi ilivyo. Huamua mahali pa kujenga kituo cha kupokelea kahawa, njia ya kupitisha gari, mfongo upi utengenezwe kwanza, na bomba litatoka wapi kupeleka maji kwenye kiwanda cha kumenya kahawa mbivu. Fedha zinazotumika katika mambo hayo ni jasho la wanachama, na pengine ni mkopo ambao utalipwa na watoto wao. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza kama karatasi ile iliyo ukutani ingeweza kuwaokolea wanachama hasara.

Ramani inayozungumzwa hapa ni ile ya sura ya nchi, ambayo wataalamu huiita ramani ya topografia. Hiyo si ile ya kuonyesha mikoa na wilaya kwa rangi mbalimbali, wala si mchoro wa viwanja. Ni ramani inayoonyesha milima, mabonde, mito, misitu, barabara na vijiji kama vilivyo juu ya ardhi. Nchini Tanzania ramani za namna hii zilizoenea zaidi ni za kipimo cha 1 kwa 50,000. Maana yake ni kwamba sentimeta 1 juu ya karatasi ni sentimeta 50,000 juu ya ardhi, yaani mita 500. Sentimeta 2 ni kilomita moja. Kila karatasi huchukua eneo la mraba lenye ubavu wa kilomita 27 na nusu hivi, na ndiyo maana mlima mzima hauenei katika karatasi moja. Kutoka mji wa Moshi hadi kilele cha Uhuru, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni kilomita thelathini na kidogo, na ndani ya umbali huo nchi hupanda kwa karibu mita 5,000. Chama kilicho pembezoni mwa karatasi hakina budi kuwa na karatasi mbili, na kuziunganisha mezani kwa uangalifu, kwa sababu kijito hakijali mahali mchapaji alipokatia karatasi yake.

Kazi ya kuichora nchi hii kwa kipimo hicho ilifanywa kwa sehemu kubwa na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya uongozi wa Martin Hotine kwa ajili ya makoloni, ambayo baadaye ilifanya kazi pamoja na Idara ya Upimaji na Ramani ya Serikali ya Tanzania. Njia yao ilikuwa picha za angani. Ndege ilipita juu kwa mstari ulionyooka ikipiga picha mfululizo, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Picha mbili za mahali pamoja zikitazamwa kwa chombo maalumu, kila moja kwa jicho lake, vilima huinuka na makorongo hushuka mbele ya macho ya mtazamaji, naye huweza kupima kimo na kuchora mistari. Yafaa hilo likumbukwe, kwa sababu sifa na kasoro za ramani hizi zote hutokana na njia hiyo: kilichoonekana kutoka angani kimechorwa vizuri sana, na kilichofichwa na majani ya miti kimekisiwa.

Mistari iliyotajwa ndiyo moyo wa ramani. Huitwa kontua, na kwa kawaida huchapwa kwa rangi ya kahawia. Kila kontua hupita mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mtu akiweza kutembea juu ya mstari huo hatapanda wala hatashuka hata akizunguka mlima wote. Katika ramani nyingi za 1 kwa 50,000 za Tanzania tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari ni mita 20, lakini zipo karatasi za zamani zilizochorwa kwa futi, na kiongozi asiyetazama maelezo ya pembeni anaweza kusoma 4,000 akadhani ni mita, kumbe ni futi 4,000, yaani mita 1,219 tu. Kosa hilo humpeleka mtu kutoka shamba la kahawa hadi katikati ya nyika ya juu ya mlima, na yote hayo kwa sababu ya kutosoma maneno mawili yaliyo chini ya karatasi.

Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Zikiachana, nchi ni tambarare. Hilo hufundishwa shuleni na wengi hulikumbuka. Lisilokumbukwa, nalo ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa watu wa mlimani, ni namna ya kutofautisha mgongo na korongo. Mstari wa kontua unapofika kwenye korongo hujikunja na kuelekeza ncha yake juu, upande wa chanzo cha maji. Unapofika kwenye mgongo hujikunja na kuelekeza ncha yake chini. Katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Kilema na Marangu, ramani huonekana kama meno ya msumeno: ncha juu, ncha chini, korongo, mgongo, korongo, mgongo. Mzee asiyejua kusoma hata herufi moja, akielezwa jambo hili mara moja tu, huanza kutambua kwa kidole mahali alipozaliwa. Umangi wa zamani ulitenganishwa na makorongo hayohayo, na vyama vya msingi vilivyojiunga na Chama Kikuu tangu kilipoandikishwa mwaka 1933 vingi vilirithi mipaka hiyo. Kwa hiyo mwenye kuyasoma makorongo katika ramani anaisoma pia historia ya chama chake.

Sasa ni vema kutazama rangi ya buluu, yaani maji. Wako wengi wanaoamini kwamba mito ya Kilimanjaro hutoka kwenye barafu ya Kibo, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka siku hiyohiyo. Ramani yenyewe hutoa jibu kwa mtu mwenye subira ya kufuata vijito kwa kidole kutoka chini kwenda juu. Weruweru, Kikafu, Karanga, Rau, Himo: kila mto hugawanyika na kugawanyika tena kama mizizi ya mti, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo hukomea ndani ya rangi ya kijani, katika msitu, mbali kabisa chini ya barafu. Uchunguzi wa wataalamu unakubaliana na ramani. Mvua hunyesha kwa wingi zaidi katika ukanda wa msitu wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,000 na kuendelea kidogo, na msitu huo hukamata pia ukungu na kuudondosha ardhini. Barafu kwa kweli imepungua sana. Mjerumani Fritz Klute aliichora ramani ya kilele mwaka 1912 kwa kutumia picha, na kutokana na kazi hiyo imejulikana kwamba wakati ule barafu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Hilo ni jambo la kusikitisha, na ramani ya Klute ni shahidi asiyeweza kupingwa. Lakini mwanachama anayehuzunikia barafu huku akikata miti ya ukingo wa kijito chake anahuzunikia kitu kisicho mikononi mwake na kuharibu kile kilicho mikononi mwake.

Upo mfano mwingine wa kontua iliyotoka katika karatasi ikawa sheria. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipotangazwa mwaka 1973, mpaka wake ulifuata kimo cha mita 2,700. Watu wengi waliokaa chini ya mstari huo hawakuwahi kuuona, maana haukuwa ukuta wala seng'enge, ulikuwa mstari wa kahawia katika ramani. Mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa na kuuingiza msitu uliokuwa chini ya mstari huo, na mpaka ukasogea hadi karibu na vihamba. Kijiji kisichokuwa na mtu anayejua kusoma ramani husubiri kuambiwa mpaka uko wapi. Kijiji chenye mtu huyo huweza kuuliza swali la maana mkutanoni kabla vigingi havijapigwa.

Yafaa sasa kutoa mfano wa kazi, nao ni wa kubuni, haumhusu mtu wala chama chochote. Chama kimeamua kujenga kiwanda cha kumenya kahawa mbivu. Kiwanda kitakuwa juu ya mgongo, kwenye kimo cha mita 1,500, karibu na barabara. Kwenye mgongo wa pili kuna chemchemi nzuri kwenye kimo cha mita 1,560. Mjumbe mmoja anasimama na kusema kwamba jambo ni rahisi, chemchemi iko juu, kiwanda kiko chini, mita 60 zinatosha kabisa kuyasukuma maji bila pampu, na umbali ni kilomita 2 tu. Maneno yake yote ni kweli. Kamati inapiga makofi, na mabomba ya plastiki ya daraja la chini yananunuliwa kwa urefu wa kilomita 2 na ziada kidogo.

Ramani ingewaambia jambo la tatu. Kati ya migongo hiyo miwili kuna korongo, na pale ambapo mstari ulionyooka unalikata, chini ya korongo ni mita 1,420. Maji yaliyojaa ndani ya bomba hukandamiza kwa uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimeta ya mraba kwa kila mita 10 za kimo. Kutoka 1,560 hadi 1,420 ni mita 140, yaani kilo 14. Bomba lililotengenezwa kuvumilia kilo 6 litapasuka siku ya kwanza lizibo la mwisho litakapofungwa, na la kilo 10 halitafika mbali. Wala halitapasuka pale kiwandani mbele ya watu, bali litapasuka chini korongoni, ndani ya vichaka, na maji yatapotea kwa siku kadhaa kabla mtu hajagundua.

Wakiwa na ramani mezani, wajumbe haohao wangefuata kontua kwenda juu ya korongo mpaka mahali ambapo sakafu yake imepanda kufikia mita 1,520. Bomba likivuka hapo mkandamizo wake ni kilo 4 tu. Urefu wake huenda ukawa kilomita 4 na nusu badala ya 2, na hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanza: je, bomba refu la daraja la chini ni rahisi kuliko bomba fupi la chuma? Au itafutwe chemchemi katika mgongo uleule wa kiwanda? Au kiwanda chenyewe kisogezwe? Huenda jibu likawa lolote kati ya hayo. La muhimu ni kwamba maswali yameulizwa kwa gharama ya karatasi moja na penseli, kabla mkataba haujatiwa sahihi. Tena kuna kanuni ambayo kila fundi wa mifongo aliijua kabla ya ramani kuwako: maji hayapandi juu kuliko yalikotoka. Ikiwa njia ya bomba inapita mahali popote palipo juu ya 1,560, hata kwa urefu wa mtu, maji yatasimama hapo, na hakuna hotuba ya mjumbe yeyote itakayoyavusha.

Ramani, kwa upande wake, haisemi maji ni mengi kiasi gani. Mstari wa buluu wa kijito kinachotiririka mwaka mzima unaweza kufanana na ule wa kijito kinachokoroma wakati wa masika na kunyamaza baadaye. Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa zaidi kati ya Julai na Desemba, na kwa hiyo kiwanda huhitaji maji mengi katika miezi ileile ambayo vijito hupungua. Chama kikitaka kujua ukweli, kipime mwezi wa Septemba au Oktoba, si wa Mei. Njia ya debe inatosha: maji yote yaelekezwe katika mfereji mmoja, na mtu mwenye saa ahesabu. Debe la lita 20 likijaa kwa sekunde 10, kijito kinatoa lita 2 kwa sekunde, nazo ni kama lita 172,000 kwa siku. Kisha waulizwe wenye mfongo ulio chini ni kiasi gani kati ya hizo ni haki yao tangu zamani. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na mwombaji hana budi kueleza mahali hasa anapotaka kuchukua maji. Mwenye ramani atapataja kwa tarakimu za gridi. Asiye na ramani ataandika “karibu na kwa mzee fulani”, na ombi lake litarudi.

Jina la bodi hiyo linakumbusha jambo lingine linalopaswa kuonekana juu ya meza. Vijito vya kusini mwa mlima haviishii kwenye barabara kuu. Vingi huingia Kikuletwa na Ruvu, mito hiyo hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huendelea hadi baharini ukizungusha mitambo ya umeme njiani, ikiwemo ya Hale. Chini ya Moshi, mashamba ya mpunga yaliyokamilishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Ujapani yalitegemea maji ya Rau na Njoro. Wakulima wengine walio juu ya mto walipoona faida ya mpunga nao wakaanza kulima, na maji yakawa hayatoshi kwa eneo lote lililokusudiwa. Hakuna aliyekuwa mwizi katika jambo hilo, kila mmoja alifungua maji yaliyopita mbele yake. Ila aliyeitandaza ramani yote, kutoka msituni hadi bwawani, angeona mapema kwamba mto ni mmoja na midomo ni mingi. Hali kadhalika maji machafu ya kiwanda cha kumenya kahawa, yenye maganda na utelezi uliochacha, hayawezi kuachwa yaingie kijitoni. Kidole kikifuata mstari wa buluu kwenda chini kutoka kiwandani, kitafika mahali ambapo akina mama wa kijiji kingine huteka maji ya kupikia. Inafaa majina ya vijiji hivyo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano unaopitisha ujenzi.

Baada ya sifa hizo, ni haki pia kueleza mahali ambapo ramani isiaminiwe.

Kwanza, isitumike kukata ugomvi wa vipande vidogo vya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Katika ramani ya 1 kwa 50,000 mita 60 ni milimita 1 na nukta 2. Mstari wa penseli iliyochongwa vibaya peke yake ni mita 25. Katibu anayeweka rula juu ya ramani na kumwambia mwanachama kwamba migomba yake iko ndani ya eneo lililokatazwa anamwonea, na anayemwambia kwamba iko nje anamdanganya. Kazi hiyo ni ya futi kamba, mguu kwa mguu, mbele ya pande zote mbili.

Pili, mifongo. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko yote kwa watu wa mlima huu. Mfongo wenye upana wa hatua moja, uliopita chini ya migomba na miti ya kivuli, hauwezi kuonekana sawasawa kutoka kwenye ndege, na hata ukionekana hauna nafasi katika kipimo kidogo hivyo. Kwa hiyo ile kazi kubwa ya wazee, ya kuyatoa maji korongoni na kuyaleta juu ya mgongo kwa mteremko mdogo ambao jicho haliutambui, karibu yote haimo katika ramani. Mtaalamu mgeni akiitazama karatasi huona mgongo mkavu, akapendekeza mradi mpya mahali ambapo maji yamekuwa yakipita tangu enzi za wamangi. Kasoro hii ina dawa. Wazee wa kamati za mifongo, pamoja na akina mama wanaozijua chemchemi zote ndogo, waitwe waitazame ramani, na kila mfongo uchorwe kwa penseli: mahali unapotoka, migongo unayopita, na nduwa unamokusanyika maji ya usiku. Penseli, si kalamu ya wino, maana mzee wa pili atamsahihisha wa kwanza. Karatasi ikikamilishwa namna hiyo itakuwa na habari ambazo hazimo katika ofisi yoyote Dar es Salaam.

Tatu, majina. Mpimaji aliandika jina alilolisikia kutoka kwa mtu aliyekuwa naye siku hiyo. Wajerumani waliandika Madschame na Moschi kwa masikio yao, Waingereza wakabadili kwa masikio yao. Kijito kimoja huweza kuwa na jina moja msituni, jingine vihambani na la tatu kwenye mbuga. Hapa pana hatari kwa vyama. Masharti ya chama yanaweza kueleza eneo lake kuwa “kutoka kijito fulani hadi kijito fulani”. Ukitazama ramani, jina hilo limechapwa mara moja tu, pale chini ambapo matawi mawili yamekutana. Je, mpaka unafuata tawi la mashariki au la magharibi? Kati ya matawi hayo huenda kuna kaya nyingi zenye kahawa, na vyama viwili vinavyodai ushuru wake. Ni heri jambo hilo liulizwe na kuandikwa vizuri wakati wa amani, kwa kutaja tawi na namba ya karatasi, kuliko kungojea mpaka msimu ufike na magunia yazuiwe njiani.

Nne, simu za mkononi. Vijana wengi sasa wanazo simu zinazopokea habari za setilaiti na kutaja mahali mtu aliposimama. Ni msaada mkubwa na usidharauliwe. Lakini ramani za zamani za Tanzania zilijengwa juu ya hesabu za upimaji zinazoitwa Arc 1960, na simu hutumia hesabu nyingine, WGS 84. Mtu akichukua tarakimu za simu na kuzipachika moja kwa moja katika ramani ya zamani, atakosea kwa mita 300 hivi, yaani milimita 6 juu ya karatasi. Katika nchi tambarare huenda kosa hilo lisimdhuru mtu. Kilimanjaro mita 300 ni ng'ambo ya pili ya korongo. Simu nyingi na programu zake zinaweza kuwekwa zitumie Arc 1960, na kijana aliyesoma atajua namna ya kufanya hivyo akiambiwa jina lenyewe.

Jambo la tano ni umri. Pembeni mwa karatasi huandikwa mwaka wa picha za angani na mwaka wa kuchapwa, na miaka hiyo miwili haifanani. Ramani iliyochapwa miaka ya 1980 yaweza kuwa na picha za miaka kadhaa kabla yake. Mlima na korongo havibadiliki upesi. Barabara, shule, ukingo wa msitu na nyumba hubadilika. Msomaji mwenye busara huamini kontua, na huihakiki rangi ya kijani kwa miguu.

Ndugu Wanachama, kumebaki suala la vituo vya kupokelea kahawa, ambalo halihitaji maneno mengi. Kamati hupenda kupima umbali kwa macho: kituo kipo ng'ambo pale, sauti ya mtu inasikika. Katika ramani ni sentimeta 2, kilomita moja tu. Lakini ukihesabu kontua utakuta mwanachama anashuka mistari minane na kupanda mistari minane, mita 160 kwenda chini na mita 160 kwenda juu, na mzigo wa kahawa mbivu kichwani, pengine ni mama mtu mzima na ni siku ya mvua. Kahawa mbivu inapaswa kumenywa siku ileile iliyochumwa. Mwanachama huyo hatafika kwa wakati, au hatafika kabisa, na lawama atapewa yeye kwamba si mwaminifu kwa chama. Kituo kilichowekwa juu ya mgongo wake, hata kama ni mara mbili ya umbali huo, kingempatia njia moja ya kuteremka au kupanda taratibu. Kabla ya kupitisha mahali pa kituo, makatibu wahesabu kontua kutoka nyumba ya mwanachama wa mbali kuliko wote, kila upande, na hesabu hiyo isomwe mbele ya mkutano.

Karatasi hizi hupatikana kwa kununua katika ofisi za upimaji na ramani za Serikali, na ofisi ya ardhi ya wilaya huweza kueleza namba ya karatasi inayohusika. Chama kinunue nakala mbili: moja ya kubaki safi na moja ya kuchorwa. Zisikunjwe mara nne kama barua, kwa sababu mahali pa mkunjo ndipo herufi zinapofutika kwanza. Zizungushwe na kuwekwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa pande zote, mbali na mchwa na paa linalovuja. Ziandikwe katika daftari la mali ya chama kama inavyoandikwa mizani: namba ya karatasi, mwaka wa kuchapwa, bei na tarehe ya kununua. Anayeitoa ofisini kwenda nayo korongoni atie sahihi, na anayeirudisha atie sahihi, na ile iliyochorwa mifongo isitoke kabisa bila idhini ya Kamati.